Karibu, Inamisha Kichwa

Pale chuoni kila mtu alimwita Bibi Taipu. Ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa, aligeuka nyuma kutazama ni nani mwingine ameingia. Jina hilo hakulipata kwa bahati nasibu. Tangu ujana wake alifundisha kupiga taipu katika chumba kile kile cha mwisho wa korido, chenye madirisha mapana na mlango unaolia kila ukifunguliwa, na watu waliopita mikononi mwake utawatambua mpaka leo: migongo imenyooka utadhani wamemeza fimbo, vidole vinakimbia, macho hayana habari na kibodi. Aliwafunika mikono kwa kitambaa wasichungulie herufi. Ukikosea herufi moja, karatasi inachanwa. Ukichaniwa karatasi, kiti kinasukumwa kando na unaendelea kupiga taipu ukiwa umesimama, mpaka utoe ukurasa safi. "Karatasi haina huruma," alikuwa akiwaambia, na yeye mwenyewe hakuizidi karatasi kwa huruma.

Kisha dunia ikageuka, kama ilivyo tabia yake. Mashine za taipu zikaondoka kwa mkokoteni, kompyuta zikaingia zikiwa bado na nailoni zake, na Mkuu wa chuo, bwana mwembamba anayependa neno jipya kuliko watoto wanavyopenda peremende, akamwita ofisini.

"Mwalimu, muhula huu utafundisha kuandika programu."

"Programu za nini, Mkuu?"

"Za kompyuta. Usiwe na wasiwasi, kuna darasa la mtandaoni, lina kila kitu. Masomo yamo, mazoezi yamo, na kusahihisha linasahihisha lenyewe. Wewe unasimamia tu."

"Na mimi mwenyewe nitajifunza lini?"

"Huko huko," alisema Mkuu, akanyanyua simu ambayo haikuwa imelia.

Basi Bibi Taipu akajifunza huko huko, akiwatangulia wanafunzi wake kwa somo moja tu. Hilo darasa la mtandaoni halikuwa baya, tusilisingizie. Upande mmoja wa kioo palikuwa na somo, upande wa pili uwanja mweupe wa kuandikia maagizo unayotaka kompyuta iyafuate, na chini yake kitufe. Ukibofya, mashine inayajaribu maagizo yako. Yakiwa sawa, unatokea mstari wa kijani. Yakiwa na kasoro, unatokea mstari mwekundu, na chini yake maneno machache yanayoeleza ni mstari wa ngapi umeiudhi na kwa nini. Mwalimu alikuwa na ukurasa wake wa peke yake: kila mwanafunzi ana safu yake, kila zoezi lina kisanduku chake, na visanduku vinabadilika rangi kadiri watu wanavyofanya kazi. Pia palikuwa na majibu ya mwalimu, yaliyofichwa wanafunzi wasiyaone.

Tatizo ni kwamba Bibi Taipu hakuyasoma hata siku moja yale maneno madogo chini ya mstari mwekundu. Ya nini? Yeye akiona nyekundu aliona karatasi ya kuchanwa. Siku ya kwanza tu akaitangaza sheria yake ya zamani: anayepata nyekundu anasukuma kiti na kusimama, na hakai mpaka aone kijani.

Wanafunzi wenyewe walikuwa watu wazima wanaokuja mchana baada ya shughuli zao. Mbele kabisa alikaa kinyozi, kijana mtanashati mwenye mikono myepesi, na nyuma yake mwoka mikate, mlinzi wa ghala na wengineo. Kona ya dirishani alikaa Mama Pacha, muuza viatu sokoni, ambaye alizoea kubishana na wateja tangu alfajiri na akifika darasani alikuwa bado hajamaliza. Yeye aligombana na kompyuta.

"Mstari wa pili una nini wewe? Mbona jana ulikubali?" aliiuliza kwa sauti, na akabofya. Nyekundu. Akasimama. "Haya, nimetoa. Sasa unataka nini tena?" Nyekundu. Wenzake walikaa, yeye amesimama. Wenzake wakaenda zoezi la mbele, yeye bado amesimama. Mwisho akazoea hata kiti hakukivuta, alikitundikia mkoba.

Lakini safu za wengine! Mwanzoni zilikuwa na wekundu wa hapa na pale, kisha ghafla zikawa kijani kitupu, zoezi baada ya zoezi. Mkuu alipoona ukurasa ule alikaribia kucheza. Aliwaita walimu wengine waje watazame, akamsifu Bibi Taipu mbele ya watu mpaka masikio yake yakapata moto. Nami nasema mapema, kilikuwa kilemba cha ukoka, ila aliyevishwa hakujua na aliyemvisha hakujua.

Kumbe Mkuu alikuwa na yake. Bodi ya chuo ilikuwa inamtuma mkaguzi, na matokeo ya ukaguzi yalikuwa wazi kwa kila mtu: darasa likimridhisha, litabaki. Lisipomridhisha, chumba kitapewa somo la ushonaji na Bibi Taipu atahamishiwa stoo kutunza funguo. Fikiria mwenyewe, mtu aliyefundisha maisha yake yote, apewe mafagio na ndoo avihesabu.

Na aliyekuwa akifundisha ushonaji hakuwa mtu baki, alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Masikini wifi, cherehani zake zilipangwa foleni koridoni, na kila aliyekwenda maliwatoni ilibidi aruke kitambaa cha mtu. Haki ya kukitaka kile chumba alikuwa nayo. Basi kila akipita alichungulia, futikamba ikining'inia shingoni.

"Wifi, haya madirisha nitayawekea mapazia ya maua makubwa makubwa."

"Kayaweke kwako. Hapa bado nipo."

"Upo, lakini naona mguu mmoja uko stoo."

Wakacheka, maana mawifi wasipotaniana watu hudhani wamegombana. Lakini Bibi Taipu alipobaki peke yake, alihesabu siku zilizobaki kabla ya mkaguzi.

Siku mbili kabla ya ukaguzi Mkuu alikuja akasimama mbele ya ule ukurasa wa rangi, akaweka kidole kwenye safu moja.

"Na huyu?"

Safu ya Mama Pacha ilikuwa nyekundu karibu yote, kijani kimoja kimoja, na visanduku vya mwisho hata havijaguswa.

"Huyo bado anajitahidi, Mkuu."

"Anajitahidi kutuharibia picha. Mwambie siku hiyo apumzike nyumbani."

Bibi Taipu angeweza kukataa. Hakukataa. Alimwita Mama Pacha pembeni, akamwambia siku ya mgeni asije, nafasi itakuwa ndogo. Mama Pacha alichukua mkoba wake kitini akaenda zake, na Bibi Taipu akajichukia.

Jioni ya mkesha wa ukaguzi, wanafunzi wakiwa wameshaondoka, wifi aliingia kupima madirisha. Hakuficha hata kidogo, alipanda juu ya kiti. Alipomaliza, akauona ule ukurasa kwenye kompyuta ya mwalimu, kijani kinang'aa.

"Lo! Bustani gani hii? Hebu nionyeshe vitu vyenyewe. Nionyeshe cha huyo kinyozi anayesifiwa chuo kizima."

Bibi Taipu akafungua zoezi la kumkaribisha mteja: programu inamuuliza mtu jina, kisha inamsalimu kwa jina hilo. Wifi akajiandika "Wifi" na kubofya. Kompyuta ikajibu: "Karibu, Wifi. Inamisha kichwa."

Wifi akaangua kicheko. "Huyu kinyozi kweli! Haya, niletee mwoka mikate."

"Karibu, Wifi. Inamisha kichwa."

"Ala! Mkate nao unanunuliwa kichwa chini? Mlinzi je?"

"Karibu, Wifi. Inamisha kichwa."

"Huyo tumsamehe, labda amekamata mwizi. Mwingine."

Mwingine naye alitaka kichwa kiinamishwe. Na wa baada yake, na wa baada yake tena. Wifi alikuwa ameshika meza kwa kucheka, machozi yanamtoka. "Wifi yangu, hapa umefundisha programu au umefungua kibanda cha kunyolea?"

Bibi Taipu hakucheka. Mambo yalikuwa yakijipanga kichwani mwake. Mashine ilikuwa ikikagua kama jina limepokelewa na salamu imetoka. Maneno ya salamu haikuyajali. Kinyozi alifanya kazi yake, wengine wakainakili nzima nzima, herufi kwa herufi, bila kosa hata moja, kama alivyowafundisha. Waliogopa kusimama. Na yeye, aliyetazama rangi tu, hakufungua kazi ya mtu hata mmoja. Aliona haya.

"Fungua na cha yule anayesimama," alisema wifi, ambaye sasa alikuwa amenogewa.

Programu ya Mama Pacha ilikuwa ndefu kuliko zote. Iliuliza jina. Wifi akaandika "Wifi", ikamkaribisha mezani. Akaandika "Wifi" tena. Kompyuta ikajibu: "Wewe umeshakula. Mwite mwenzako."

Kumbe mapacha wake walikuwa na mchezo: mmoja anakula, anatoka, anarudi akijifanya ni ndugu yake. Mama mtu akatafuta njia ya kuwakamata. Bibi Taipu akafungua majaribio yote ya nyuma, na kwa mara ya kwanza akayasoma maneno madogo chini ya mistari myekundu. Hapa mashine ilisema hailijui jina hili. Mama Pacha akalieleza. Hapa ilisema swali halikufungwa, akalifunga. Hapa mapacha walikula wote wawili mara mbili. Akafumua akaanza upya. Kila nyekundu ilikuwa imemsogeza hatua.

"Huyu hajafeli," alisema Bibi Taipu polepole. "Huyu ndiye peke yake anayesoma."

"Mbona unashangaa?" wifi alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya futikamba. "Kwangu kule wembe wa kufumulia unatembea kuliko mkasi. Asiyefumua hajui kushona, anajua kuvaa tu. Kupotea njia ndiko kujua njia, wifi. Na wewe yako iko wapi?"

"Yangu nini?"

"Programu yako. Mwalimu si unayo?"

Alikuwa nayo. Ilikuwa ya kijani, safi, na aliinakili neno kwa neno kutoka kwenye majibu ya mwalimu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na hapa aliyekuwa na kichwa kisichonyolewa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu. Akaifuta yote. Akaanza kuandika salamu yake mwenyewe, ya mwalimu kwa mwanafunzi mpya, kutoka kichwani. Akabofya.

Nyekundu.

Bibi Taipu akasukuma kiti akasimama.

"Unakwenda wapi?" aliuliza wifi.

"Siendi popote. Nimekosea."

Wifi alimtazama yule mwanamke mtu mzima aliyesimama wima ndani ya chumba kitupu kwa amri yake mwenyewe, na utani ukamkauka mdomoni. Alimpenda sana wakati ule, ingawa alikuwa ameshapima madirisha yote.

"Mficha uchi hazai," alisema kwa upole. "Mpigie simu mwenye mapacha wake."

Akampigia. Upande wa pili zilisikika kelele za soko na watoto.

"Mama Pacha, kesho njoo."

"Si ulisema nafasi ndogo, Mwalimu?"

"Nilikosea. Nisamehe."

Mama Pacha hakuwa amewahi kusikia neno lile kutoka kinywa kile. "Sasa nije kufanya nini, Mwalimu? Nije kusimama mbele ya mgeni?"

"Hapana," alisema Bibi Taipu. "Uje ukae."

Siku ya pili wanafunzi waliingia wamependeza, kinyozi amejinyoa mpaka anang'aa. Bibi Taipu aliwapokea mlangoni, akawangoja wakae, kisha mbele ya macho yao akafungua zoezi la kumkaribisha mteja na kulifuta kwa darasa zima. Safu ya visanduku ikageuka nyeupe kuanzia juu hadi chini.

"Mwalimu!" alipiga ukelele kinyozi. "Mgeni yuko njiani!"

"Najua. Mwoka mikate, mteja wako akija unamwambia ainamishe kichwa?"

Mwoka mikate akatazama viatu vyake. Mlinzi wa ghala akakohoa. Kinyozi akawa na shughuli nyingi za kukunjua kola.

"Siwagombezi," alisema Bibi Taipu, na sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake. "Mliogopa kusimama, na aliyewatia woga ni mimi. Leo kila mmoja aandike salamu ya kazi yake mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe. Nyekundu zitakuja. Zikija, msizikimbie, zisomeni zinasema nini. Naanza mimi."

Akawasha projekta, programu yake ikatokea ukutani, kubwa kama mlango. Akabofya. Ukuta mzima ukawa mwekundu.

Bibi Taipu alikuwa tayari amesimama, kwa hiyo alichukua kiti chake akakisogeza mbali, kila mtu aone.

"Karibu huku, Mwalimu," alisema Mama Pacha kutoka konani. "Miguu inazoea."

Kicheko kilichotoka hapo kiliufungua mlango wa koridoni bila mkono. Kuanzia hapo chumba kikawa soko. Vitufe vikabofywa, nyekundu zikamiminika, viti vikasukumwa kimoja baada ya kingine. Mwoka mikate alisimama. Mlinzi alisimama. Kinyozi, aliyekuwa hajasimama tangu wiki ya kwanza, alijaribu kumpa mteja anayerudi mara ya pili salamu tofauti na ya kwanza, akasimama pia, huku akiikodolea macho mashine kama aliyemkata mteja sikio. Watu waligeukia wenzao, safari hii hawakuomba majibu, waliulizana: kwako inalalamikia nini? Mama Pacha aliiandika upya programu yake ya mezani kwa kumbukumbu, akabofya, akaona kijani. Akautoa mkoba kwenye kiti, akakivuta, akakaa.

Ndipo Mkuu akaingia na mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani na viatu vya kutembelea mbali. Mkuu alipoona darasa zima limesimama wima, kifua kilimjaa. Nidhamu gani hii!

"Kaeni, kaeni," alisema akipunga mkono kwa ukarimu.

Hakuna aliyekaa.

"Nimesema kaeni, jamani. Mgeni amewaona."

Mlinzi wa ghala alimtupia jicho, akarudi kwenye kioo chake. Mkuu akaanza kutokwa na jasho, na jicho lake likatua konani, kwa mtu mmoja tu aliyekaa, tena yule yule ambaye yeye Mkuu aliagiza asiwepo.

"Wewe mama! Wenzako wamesimama kwa heshima, wewe umekaa?"

"Yeye ndiye aliyemaliza, Mkuu," alisema Bibi Taipu. "Sisi wengine bado tunakosea."

Mkuu alitazama ukuta. Alitazama ukurasa wa mwalimu: nyekundu, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Ile bustani yake ilikuwa imeungua. Alitafuta pa kujishika.

Mkaguzi alipita kati ya meza polepole, akasimama nyuma ya kinyozi.

"Unataka ifanye nini?"

"Mteja akirudi mara ya pili, imwambie 'Karibu tena', isimuulize jina upya. Lakini inaniambia hailijui jina lake."

"Na wewe unafanyaje?"

Siku zote kinyozi ndiye aliyeombwa majibu. "Sijui bado," alisema. "Ndiyo nasoma."

"Umeliweka wapi hilo jina?" alihoji Mama Pacha kutoka kitini kwake, bila kumjali mgeni. "Mtu akikuachia viatu vyake usipoviweka mahali, akirudi utampa nini?"

Kinyozi akatazama mistari yake, akapiga paji la uso, akaandika, akabofya: nyekundu, ila safari hii mstari mwingine. Akaandika tena. Kijani. Alipiga kelele mpaka hata koridoni cherehani zikasimama, akasahau kukaa kwa furaha, ikabidi mwoka mikate amkandamize kitini. Darasa zima likapiga makofi, na mkaguzi, sijui kama alijijua, akapiga pia.

"Nimezunguka sana kukagua madarasa ya namna hii," alisema akimgeukia Mkuu. "Kote nimeonyeshwa kijani. Nikiomba mtu abadilishe neno moja tu, wananitazama. Chumba hiki kibaki kilivyo. Na mwalimu abaki nacho."

Mkuu alitikisa kichwa kukubali kwa nguvu, kana kwamba mpango wote ulitoka kwake. Mlangoni wifi, aliyekuja kusikiliza, alikunja futikamba yake taratibu akaitia mfukoni. Uso ulimshuka, hatuwezi kumsingizia furaha kamili, lakini alimkonyeza Bibi Taipu kwa jicho moja. Mkaguzi alipotoka na kukuta cherehani zimeziba njia, aliuliza hizi zinafanya nini koridoni, na wifi akamweleza kwa kirefu kuliko alivyoulizwa.

Darasani watu waliendelea. Mmoja mmoja walipata, wakakaa, wakasimama tena kwa zoezi jingine. Mkuu alirudi kuchungulia, akamwona Bibi Taipu bado amesimama pale mbele, miwani puani.

"Mwalimu, mgeni ameshaondoka. Kaa basi upumzike."

"Bado, Mkuu," alisema. Alionyesha ukutani, kulikokuwa kwekundu vile vile. Magoti yalimuuma, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikuwa na furaha namna ile.

Mama Pacha akainuka kitini kwake, akaja akasimama pembeni ya mwalimu wake, mikono kiunoni, wakautazama ukuta wote wawili.

"Haya, Mwalimu," alisema. "Inalalamikia mstari wa ngapi?"